Nani Kachukua Picha ya Goti la Wakili?

Kijiwe chetu kina paa. Wazee wa Thimi, mji wetu huu wa wafinyanzi, walikijenga zamani pale njia zinapokutana, mbao nene juu ya mawe na nguzo nne za kuchongwa, ili msafiri aliyechoka apate pa kukaa. Mimi Nhuchhe Maya nauza chai hapa mwaka wa ishirini na mbili huu, na msafiri aliyechoka sijamwona bado. Ninaowaona ni wale wale. Yupo Redio, ambaye habari haipiti mtaani mpaka itue kwake kwanza iongezwe chumvi. Yupo Wakili, aliyesimama mahakamani mara moja tu maishani, shahidi wa kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo haongei kama watu, anatoa hoja. Yupo Doha, aliyelinda mlango wa duka kubwa huko Uarabuni miaka tisa, kwa hiyo kila kigeni duniani anakijua yeye. Na yupo Mwalimu Tirtha Lal, mzee wetu wa ngoma, ambaye hukaa mwisho wa benchi, hunywa chai bila kusema neno, na vidole vyake havitulii juu ya mbao. Siku ninayoisimulia ilikuwa mwezi wa Chait, wa mwisho katika mwaka wetu, vyungu vimeanikwa uwanja mzima, na zilikuwa zimebaki wiki tatu miungu itolewe nje ibebwe kwenye machela, kila mtaa na ngoma zake mbele. Mtaa wetu ulikuwa unakwenda kutoka bubu, bila ngoma, mwaka wa nane mfululizo. Hilo hakuna aliyetaka kuligusa. Tuligusa mfuniko wangu.

Mimi: Nasema mara ya mwisho. Aliyechukua mfuniko wa sufuria yangu kubwa arudishe. Siku ya tisa hii nafunikia sahani.

Redio: Dada Nhuchhe, huo mfuniko usiuulizie hapa. Kaulizie kwa mkwe wa Mwalimu.

Alisema hivyo Mwalimu mwenyewe kaketi pale pale. Redio mdomo wake hauna breki.

Huyo mkwe ni Sajani. Mumewe, mtoto wa Mwalimu, yuko Korea kiwandani, mwaka wa tatu, na yeye ndiye anayempikia Mwalimu. Chini ya nyumba yao kuna chumba kilichokuwa cha vyungu. Tangu mwezi uliopita, kila siku saa kumi jioni, watoto kumi na mmoja walikuwa wanaingia humo na Sajani, mlango unafungwa, na saa kumi na moja wanatoka midomo imebana. Ukimuuliza mtoto mlikuwa mnafanya nini, anakwambia, "Hamna." Sasa mtoto akikwambia hamna, wewe mtu mzima utalala?

Redio: Nimeona kwa macho haya. Juzi mtoto wa mfinyanzi kaingia na debe la samli. Jana kaingia na mawili. Leo asubuhi mwingine kapita na vipande vya kigoda cha henzirani. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba!

Doha: Kibaba cha nini?

Redio: Si ndiyo ninachouliza mimi? Kibaba cha nini?

Wakili: Ngojeni. Ushahidi wa debe ni mwepesi. Mimi nina mzito. Picha yangu ya goti imepotea.

Doha: Picha ya goti?

Wakili: Ya eksirei. Goti la kulia, la mbele na la ubavuni. Nilikuwa nimeihifadhi nyuma ya kabati kwa ajili ya kesi.

Mimi: Kesi gani tena?

Wakili: Dada, goti hili lilianguka kwenye ngazi za ofisi ya watu. Ipo siku litasimama mahakamani.

Doha: Hapa kijiweni tu halisimami mpaka lishikwe mkono.

Wakili: Cheka. Mke wangu anasema kilikuja kitoto cha kike kikaomba plastiki nyeusi ngumu. Naye akakipa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nimelisikia, guu nimevunjika, na guu lenyewe limeibwa!

Doha: Hata mimi. Tyubu mbili za baiskeli.

Redio: Si zilikuwa zimetoboka?

Doha: Zimetoboka lakini ni zangu. Nilikuwa nazo tangu kabla ya tetemeko.

Wakati huo watoto wakaanza kupita. Kila mtu akawa anatazama glasi yake kama ambaye hana habari na mtu. Wakapita wawili, wakapita watatu, mmoja kifua kimevimba mbele kwa kitu alichokificha ndani ya sweta. Wa mwisho alikuwa Palisa, binti wa Sajani, miaka tisa, kajifunga shali la mama yake, na ndani ya shali kuna kitu kinagonga kila akipiga hatua.

Palisa: Shikamoo bibi. Shikamooni babu.

Tukaitikia sote kwa pamoja, sauti tamu. Alipoingia na mlango ukafungwa, Doha akavuta benchi.

Doha: Jamani, nimelimaliza hili. Debe. Tyubu. Mfuniko. Mnajua ni nini? Mtambo wa pombe.

Mimi: Doha, acha kunichosha. Mtaa huu ni nyumba gani haipiki pombe? Mama yako aliipika siku ile ile aliyokuzaa, na tulikunywea wewe. Nani atajifungia ndani kupika kitu kinachopikwa uani mchana kweupe?

Doha: Basi ni pombe ya kigeni.

Wakili: Nipeni nafasi. Hoja yangu ni hii: wanachukua nini? Taka. Nani anataka taka? Shirika. Siku hizi kuna mashirika yanatoka mbali kuja kusoma taka za watu. Debe la samli limetoka nyumba gani, kopo la dagaa limetoka nyumba gani. Taka hazidanganyi. Wanaandika, wanapeleka, halafu siku moja unaambiwa wewe si maskini tena kwa sababu ulikula samli mwezi wa Magh.

Redio: Na goti?

Wakili: Goti wanajua nani hawezi kuwakimbiza.

Hapo mashine ya kuponda mchele, nyumba ya pili kutoka kwa Mwalimu, ikawashwa. Hiyo mashine ikiwaka kijiweni hatuongei, tunapiga kelele. Na Redio, ambaye alizaliwa kwa kazi hiyo, akainuka kabisa.

Redio: Hiyo hapo! Mmeisikia? Saa kumi! Mbona wasikutane saa tatu asubuhi? Mbona si siku ya Jumamosi? Wanakutana mashine ikiwaka, wanatoka mashine ikizimwa. Mtu anayechagua saa ya kelele, ana kelele yake ya kuficha!

Mimi nilikuwa nakoroga chai. Nikaacha kukoroga. Mambo mengine ya Redio ni upepo, lakini hili lilikuwa na mifupa.

Mimi: Kelele ya nini, Redio? Ni watoto wale.

Redio: Ndiyo nasema! Ni watoto! Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sisi wenyeji hapa tutapona?

Wakili: Sajani si mgeni. Ameolewa hapa mwaka wa kumi na moja.

Redio: Ametoka Panauti! Panauti ni hapa?

Ndipo Mwalimu akafungua mdomo. Kwa kelele ya mashine ilibidi tusogee, na alilosema alilisema mara mbili.

Mwalimu: Anaandika.

Wakili: Nani anaandika?

Mwalimu: Sajani. Ananiwekea chakula, anatoka, halafu anasimama nyuma ya pazia. Naviona vidole vya miguu yake chini. Ana daftari. Mkono wangu ukigusa meza, nasikia kalamu inakwenda. Nikiuacha, kalamu inaacha.

Redio akaketi. 

Wakili: Kila siku?

Mwalimu: Tangu baridi ianze.

Wakili: Mwalimu, usinielewe vibaya. Anahesabu matonge. Matonge yakipungua, anampigia mumewe Korea: jiandae, nyumba inakaribia. Nimeyaona haya mahakamani.

Mimi: Ulikaa mahakamani nusu saa, ukatolewa kwa kusinzia.

Mwalimu: Tangu mama watoto afe, yule binti ndiye anayenipikia. Nikikohoa usiku anaamka kunipa maji ya moto. Sikuwahi kumwazia baya. Sasa chakula hakinipiti kooni.

Niliona uchungu kumsikia. Mwalimu si mtu wa kulalamika. Na mimi nina deni langu kwake, ambalo si la kulipika.

Miaka minane iliyopita alianzisha watoto saba. Alifanya kama inavyotakiwa kwetu: yai la bata, mchele, pombe ya mtungi, akaviweka mbele ya tundu la ukutani anamopita Nasadya, mungu wa ngoma. Kisha mlango ukafungwa, maana ngoma kwetu haifundishwi barabarani. Mtoto hujifunza kwa siri hadi siku ya kutolewa nje, mtaa mzima ukishuhudia. Walipofika katikati, mitihani ikakaribia, na wazazi wakaanza kuwatoa watoto wao mmoja mmoja. Wa kwanza kutolewa alikuwa Rabin wangu. Mimi ndiye niliyebisha ule mlango, nikasema hisabati kwanza. Leo yuko Japani anaosha vyombo. Mungu wa ngoma akabaki kaitwa na hajaagwa, na baridi ya mwaka ule mke wa Mwalimu akafa. Mwalimu akazitundika ngoma ukutani, akafunga nyumba ya ngoma kwa kufuli, akaapa hatafundisha tena. Na kwetu mtu asiyefundishwa haigusi ngoma, asiyewekewa yai hafundishwi, na wa kuweka yai ni Mwalimu peke yake. Ndivyo tulivyofika kwenye ububu.

Redio: Mimi nasema huyu mwanamke kaleta dini.

Mimi: Dini gani isiyo na wimbo? Umesikia hata aleluya moja?

Redio: Nitasikiaje na mashine hii? Na anamwita nani kwa hayo makopo? Mtaa huu unajua kinachotokea mungu akiitwa ovyo.

Alipomaliza kusema ndipo akakumbuka nani kaketi mwisho wa benchi. Akainamia chai yake, akaipuliza, na ilikuwa imeshapoa.

Doha, ili kumwokoa, akalitoa kubwa lao.

Doha: Msinicheke. Kule Doha nililinda zamu moja na mtu aliyewahi kukaa na Wajapani. Akanieleza. Mjapani ananing'iniza makopo kwa uzi ndani ya nyumba. Ardhi ikianza kujigeuza, wewe hujasikia kitu, kopo limeshasikia. Linalia kwanza.

Wakili: Unataka kusema nini?

Doha: Mume wake yuko wapi? Korea. Korea na Japani ni nini na nini? Jirani. Amempigia. Amemwambia siku. Linakuja jingine, jamani, na yule mwanamke kawaambia watoto peke yao, kwa sababu watu wazima hatuokoleki!

Mngedhani tungecheka. Hakuna aliyecheka. Nguzo ya tatu ya kijiwe chetu imefungwa waya mpaka leo tangu lile tetemeko, na mimi nilimchimbua dada yangu kwa mikono. Wakili akaweka kiganja kwenye ile nguzo, polepole, kama anayempima mgonjwa joto.

Wakili: Yule binti amepita na viatu vya kufunga kamba.

Redio: Niliona. Kamba mbili mbili.

Wakili: Mtoto anayevaa viatu vya kukimbilia, saa kumi jioni.

Mimi: Wametoka shule! Wote wana viatu vya kamba!

Lakini sauti yangu mwenyewe haikunituliza.

Redio akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitu kizito, akakiweka juu ya benchi. Kufuli. La shaba, kubwa, la kizamani.

Mimi: Hilo si la nyumba ya ngoma?

Redio: Ndilo. Ufunguo wake siku zote uko juu ya mlango. Mtaa mzima kufuli la maana ni hili moja. Kule kuna nini cha kuibwa? Mavumbi. Watoto wakitoka saa kumi na moja, nafunga kile chumba. Kesho tunaita kikao, Sajani aeleze mbele ya watu, na asipoeleza, arudi Panauti. Mwalimu, nyumba ni yako. Sema wewe.

Sote tukamgeukia. Mwalimu alitazama lile kufuli. Alilifunga kwa mkono wake miaka minane iliyopita, na leo alikuwa analiona limelala karibu na glasi za chai.

Mwalimu: Fungeni.

Alilisema kwa sauti ya mtu anayetoa jino lake mwenyewe.

Na umeme ukakatika.

Mashine ya mchele ikakoroma, ikapunguza, ikanyamaza. Unajua ukimya unaokuja mashine ikizimika ghafla? Unasikia hadi kunguru akikuna bawa. Na ndani ya ukimya huo tukasikia kitu kutoka chumba cha chini cha nyumba ya Mwalimu.

*Dhin. Dhin. Khata dhin.*

Haikuwa ngoma. Ilikuwa nyembamba mno, ya bati, na pembeni yake kitu kilikuwa kinagongana kama vyombo vinavyooshwa. Lakini mwendo ulikuwa ule ule. Ule wa kuondokea machela, unaonyanyua miguu ya wabebaji kabla hawajajua kama wamesimama. Miaka minane sikuusikia. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, sitaki kudanganya.

Ukapanda, ukapanda, ukafika mahali, ukakatika.

Kimya. Halafu ukaanza upya. Ukafika pale pale, ukakatika.

Nikavitazama vidole vya Mwalimu juu ya mbao. Vilikuwa vinakwenda na watoto. Mara ya tatu watoto walipokatika, navyo vilikatika. Ndipo nikakumbuka. Ni pale. Ni pale walipokuwa wamefika siku nilipobisha mlango kumchukua Rabin.

Mwalimu mwenyewe alivitazama vidole vyake kama si vyake.

Humo ndani nadhani hawakujua mashine imezimika mpaka walipokwama. Mlango ukafunguka kidogo. Akatoka Palisa, debe la samli limening'inia shingoni kwa kamba nyeusi, mkononi kijiti cha henzirani kilichokunjwa ncha. Nyuma yake, kizingitini, akasimama Sajani, daftari kalikumbatia kifuani, uso umemshuka. Watoto wengine walichungulia chini ya mikono yake. Mmoja kashika mifuniko miwili, na mmojawapo ulikuwa na pengo pembeni.

Mimi: Huo! Huo ni wangu!

Palisa: Bibi, si ulisema mwenyewe huo mfuniko hata mbwa hautaki?

Niliwahi kusema.

Wakili alikuwa ameinuka bila kushikwa mkono. Alikuwa anatazama uso wa lile debe, pale ngozi inapokaa. Plastiki nyeusi, imevutwa ikakaza, na katikati yake, ukiiweka kwenye mwanga, mifupa miwili na kikombe cha goti.

Wakili: Ni mimi huyo.

Doha: Na kamba ni tyubu yangu.

Wakili: Goti langu la ubavuni! Wamelipiga!

Palisa: Linalia vizuri kuliko la mtu mwingine, babu. Tulijaribu na picha ya bibi wa nyumba ya mbele, kifua chake hakikazi.

Redio: Tulia hapo, binti. Nani amewapa ruhusa ya kupiga ngoma? Mmewekewa yai?

Palisa: Hatujapiga ngoma. Hili ni debe. Mama alisema ngoma ina mwenyewe, tusiiguse. Debe halina mwenyewe.

Redio: Na huo mlango? Kama hamna baya, mlango mnafungia nini?

Mtoto akamtazama Redio, akatutazama mmoja mmoja, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza.

Palisa: Si ndivyo inavyofanywa? Babu alinihadithia. Mpaka siku ya kutolewa nje, mlango unafungwa na hakuna kusema. Kwani ninyi mlijifunza mlango wazi?

Mimi sina la kujitetea. Wote pale tulikulia nyuma ya mlango wa namna hiyo, au tulikaa nje tukiusubiri ufunguke. Katika watu wote wa dunia hii, sisi ndio tuliotakiwa kuujua. Na mtu aliyejua la kufanya alitoka Panauti.

Mwalimu: Sajani.

Sajani: Baba.

Mwalimu: Nilidhani unahesabu matonge yangu.

Sajani: Nilikuwa nahesabu mapigo, baba. Ukila, mkono wako wa kushoto unapiga meza. Nilijua nikikuomba utakataa. Ningekuomba nini, na uliapa?

Sajani akashusha macho, akaliona kufuli kwenye benchi. Alilielewa mara moja, niliona kwenye mabega yake. Hakuuliza la nani.

Palisa yeye alikuwa hana habari na kufuli. Alikuwa amekuja kwa lake. Akasogea mpaka mbele ya magoti ya babu yake, akaweka mkono juu ya debe ili lisilie.

Palisa: Babu, tumekwama. Mama ameandika yote, daftari limejaa. Lakini wewe mezani kila siku unaishia pale pale. Baada ya pale kunafuata nini?

Nikangoja. Kijiwe hiki kimeshajibu kila kitu. Kimeshajibu kwa nini bei ya gesi inapanda, mwezi una watu wangapi, na Wachina wanakula nini asubuhi. Nikamtazama Redio, ambaye ujanani alipiga matoazi mbele ya machela miaka kumi na miwili.

Redio: Baada ya pale? Ah, pale si... kunafuata... si unarudi juu kwanza, halafu...

Akainua mikono miwili, viganja vikatazamana hewani, vikabaki hivyo. Akajaribu tena. Akavishusha.

Wakili: Mimi nilikuwa mbeba mwenge.

Doha: Mimi nilikuwa Uarabuni.

Nadhani sote tuliona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtaa mzima, jibu la yule mtoto lilikuwa ndani ya mzee mmoja mwenye miaka sabini na tisa ambaye chakula hakimpiti kooni.

Mwalimu alinyoosha mkono, akachukua kile kijiti. Akakipitisha kidole kwenye mkunjo, akakitazama upande wa pili. Akaligeuza debe, akavuta tyubu ya Doha mahali ilipolegea, akaifunga upya kwa fundo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akamrudishia mtoto vyote viwili.

Mwalimu: Hilo halijibiwi kwa mdomo.

Uso ukamshuka Palisa.

Mwalimu: Redio. Nyumba ya ngoma umeiacha wazi?

Redio: Wazi, Mwalimu, lakini narudisha kufuli sasa hivi, nakimbia...

Mwalimu: Kaa. Iache wazi.

Akasimama. Ilimchukua muda, na safari hii alikuwa Wakili aliyemshika mkono. Akanigeukia mimi, na kwa miaka minane ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni kwa zaidi ya bei ya chai.

Mwalimu: Nhuchhe Maya. Una yai?

Mimi: La kuku yapo, Mwalimu.

Mwalimu: La kuku sijaliuliza.

Akaendelea kunitazama. Nilijua kilichobaki hajakisema, maana kilikuwa changu mimi.

Mimi: Mara hii hakuna atakayebisha huo mlango, Mwalimu. Nitakaa hapo nje mwenyewe. Mzazi akija na mitihani yake, ataanza na mimi.

Akaitikia kwa kichwa. Sajani aliziba uso kwa lile daftari.

Nikaacha chai motoni, sufuria wazi, wala mfuniko wangu sikuukumbuka. Nikakata uwanja katikati ya vyungu, nikavunja kimoja, sikugeuka. Anayefuga bata mtaani kwetu ni mke wa Wakili, mwanamke ambaye ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri linauzwa sokoni. Nikabisha mlango wake hodi sijaimaliza.

"Nipe yai la bata. Zima, lisilo na ufa."

"Yai la bata? Saa hizi? La nini, dada Nhuchhe? Kuna nini huko kijiweni?"

Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba, na yule ndiye mtu wa kupewa. Nikalipokea lile yai kwa mikono miwili.

"Hamna," nikasema.